Chupa Iliyopumua Njiani

Bi Zuhura alizikwa Jumatano alasiri, nami nikafika Mbeya Alhamisi mchana. Waislamu hawalazi maiti, hilo nalijua vizuri, na basi la alfajiri kutoka Iringa lingeniwahisha mazikoni kama ningelipanda siku ile ile. Sikulipanda. Nilishinda nyumbani kwangu Kalenga nikijiambia kuwa magoti yananisumbua. Magoti yananisumbua kweli, ila siyo yaliyonizuia. Katika nyumba ya Bi Zuhura, mtaa wa Sokomatola, nilipanga chumba mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na katika karibu miaka arobaini iliyofuata nimepita Mbeya mara nyingi, kwenda kusahihisha mitihani, kwenda harusini, kwenda kumwona daktari wa macho, bila kukata kona ile hata mara moja. Nilikuwa namkwepa mtu mmoja ambaye hajawahi kuninyanyulia sauti. Wanawake waliokuwa mkekani wakanisogezea nafasi, tukapeana pole, nikaletewa kahawa. Kisha Rehema, mjukuu wa marehemu, akaniinamia sikioni. "Bibi Yuditha, Mzee Ambakisye anakuulizia. Yuko chumbani kwake." Nikamwuliza chumba kipi. "Kile kile cha uani, bibi. Hajawahi kuhama." Nikakiweka kikombe chini.

Mwaka ule wapangaji tulikuwa wawili, mimi na Ambakisye, katika vyumba viwili vya uani vilivyotenganishwa na ukuta usiofika juu. Fundi aliishiwa matofali au subira, Bi Zuhura mwenyewe hakuwa na hakika. Kwa hiyo nilijua Ambakisye anaamka saa ngapi, anakohoa mara ngapi, na sala yake ya Kimoraviani niliijua hata kwa Kinyakyusa, lugha nisiyoisema. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo. Mkewe, Mama Tumpe, alibaki Tukuyu na migomba yao, naye akimwendea kila mwisho wa mwezi na kurudi na mkungu begani. Bi Zuhura alikuwa mjane wa mwuza nguo ambaye wazee wake walipanda huku kutoka Bagamoyo, na alitupikia wote kwa sababu, alisema, hawezi kusikia harufu za masufuria matatu katika ua mmoja. Mchele wake ulikuwa wa Ubaruku, hakutaka mwingine, na nazi aliinunua kwa kulalamika. "Nazi ya huku imechoka safari," alikuwa akisema huku akiikuna. Mimi aliniita Mhehe wangu. Ambakisye alitia ndizi kila mahali, hata kwenye maharage, na Bi Zuhura akimwambia siku moja atatia ndizi kwenye chai tumfukuze. Nilikula vizuri mwaka ule. Nalisema hilo kwa sababu watu hudhani mtu hufanya ubaya akiwa na njaa.

Kazi yetu ilikuwa katika maabara ndogo ya kampuni iliyokuwa ikichimba bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kutafuta mafuta. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho wino wake haujakauka, na Ambakisye ndiye aliyenisimamia nipate kazi. Alimwambia Mkuu wa kituo, "Mchukue huyu binti. Mkono wake hautetemeki." Siku ya kwanza alinipangia mezani chupa ndogo tano, kila moja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli. "Watu wanafikiri chini kuna dimbwi jeusi, unachota na ndoo," alisema. "Hapana. Kuna aina tano, na ukikosea aina umekosea kila kitu." Ya kwanza ilikuwa na mafuta meusi ti, mazito, yanayotoka na gesi kidogo. Ya pili ilikuwa na mafuta mepesi ya kahawia yanayoelekea kijani, ambayo chini huwa yamejaa gesi nyingi sana. Ya tatu ilikuwa na kimiminika chepesi cha rangi ya majani makavu, na hiyo ndiyo iliyonisumbua kuielewa, kwa sababu chini haikuwa mafuta kabisa bali gesi. Presha ikishuka gesi hiyo hudondosha mafuta humo humo ndani ya mwamba, na mengi yakishadondoka huko hayatoki tena. Ya nne ilikuwa gesi inayobaki gesi kule chini, ila ikifika juu kwenye baridi huacha majimaji meupe kama maji ya kunywa. Ya tano haikuwa na kitu. Nikamwuliza mbona ameiandikia karatasi chupa tupu. "Hiyo ni gesi kavu, haiachi kitu. Nimeiweka ili siku ikitokea usije ukasema hatujapata jibu."

Nilidhani basi nimeshajua kazi, nitakuwa naangalia rangi. Akacheka. "Rangi ni umbea, Yuditha. Umbea una ukweli ndani, lakini huendi nao mahakamani." Baada ya rangi ulipima uzito wa mafuta, kisha ukauliza kila pipa limepanda na gesi kiasi gani. Mwisho ulichukua gesi na mafuta yaliyotenganishwa kisimani, ukayarudisha pamoja kwa kipimo chake katika mtungi wa chuma wenye dirisha la kioo kinene, ukaupasha joto kama la kule chini, ukakandamiza mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Halafu ulipunguza presha polepole, jicho dirishani. Likitokea povu, kule chini yalikuwa mafuta. Ukitokea umande, kule chini ilikuwa gesi. Nilipenda dirisha lile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitazama, na bado sijapata kitu kingine cha kulipita. Ila Ambakisye alinionya. "Kioo hakidanganyi, lakini kinajibu kuhusu kile ulichokitia. Gesi ikipungua njiani, hata kidogo, umande utakuja kama povu, na wewe utaapa mahakamani kwamba umeona povu."

Mwezi wa saba, Mbeya ikiwa na baridi ya kukata masikio, kisima cha tatu kilitoa. Habari zilipanda mlima kabla ya magari. Sokoni watu walitusalimia kama wabunge, na vijana waliokuwa wakielekea Makongolosi kwenye dhahabu walikuja kuuliza kama bondeni kuna kazi. Kilichotoka kilikuwa gesi pamoja na kimiminika cha rangi ya chai iliyotiwa maji mengi, katikati ya chupa ya pili na ya tatu, na umbea wa rangi ukashindwa kutuamulia. Siku zile gesi ya bondeni ilikuwa haina mwenyewe, hakuna ambaye angelaza bomba kutoka huko kwenda popote, ilhali mafuta yangepakiwa kwenye magari. Ikiwa ni chupa ya pili, sote tunabaki kazini. Ikiwa ya tatu, tunafunga virago. Kisha kisima kikajaa mchanga, wakakiziba kwa saruji, na tukabaki na chupa mbili za chuma tu, kila moja ina valvu juu na chini. Moja ilikuwa na gesi, na ilitangulia Mbeya. Ya pili ilikuwa na mafuta, Ambakisye aliifunga kwa mikono yake, akaifungia karatasi yenye presha yake, akapanda na gari lililokuwa na vifaa. Mimi nikaachiwa kuileta ile ya mafuta siku iliyofuata.

Gurudumu lilipasuka kabla hatujaanza kupanda, saa nane, bondeni, jua likiwa utosini. Tairi la akiba halikuwa na upepo. Dereva aliliviringisha kuelekea kijijini akaniacha na gari. Turubai lilikuwa limeteleza na chupa ilikuwa inapigwa na jua, nilipoigusa ikaniunguza, na nikasikia, au nilidhani nasikia, mlio mwembamba. Kwetu Iringa hakuna mtoto asiyejua ulanzi. Pombe ile ya mianzi haisubiri mtu, inaendelea kuchacha hata mkiwa ndani ya basi, na anayeifunga dumu lake kikiki siku ya jua huoga pombe yeye na abiria wenzake. Mama alikuwa akituambia, "Legeza ipumue, kisha funga." Nimelegeza madumu hayo tangu sijajua kusoma. Sitasema nilifikiri, kwa sababu sikufikiri. Mkono wangu usiotetemeka ulishika valvu ukailegeza. Ikapiga mluzi, harufu kama ya petroli ikanijaa puani, nikasubiri mpaka sauti ilipolegea, nikafunga. Nikajisikia nimeokoa kitu. Niliifunika kwa turubai vizuri, nikakaa kivulini nikala ndizi mbili.

Kesho yake Ambakisye aliunganisha geji, akaangalia, akaiangalia karatasi yake, akaangalia tena. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama pale akipiga miluzi ya furaha. "Presha imeshuka," Ambakisye alisema. Akanigeukia. "Yuditha, uligusa valvu?" Wakati ule ndipo nilipoelewa nilichofanya, chote, mara moja, na maneno yake kuhusu umande na povu yakanirudia kichwani. Mkuu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Hapana." Hapana moja, ya sauti ya kawaida kabisa.

Jaribio lilifanyika siku tatu. Mimi ndiye niliyeliona povu la kwanza, uzi wa vitone vidogo vikipanda nyuma ya kioo, na Mkuu akapiga makofi. Mafuta! Alitaka ripoti isainiwe siku ile ile. Ambakisye akakataa, akasema povu lile ni la chupa iliyopoteza kitu, na hawezi kuliapia. Wakaitana ofisini, mlango ukafungwa, sauti zikapanda. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Wenzetu waliacha kumsalimia, maana waliona anawanyang'anya ugali mdomoni. Jumapili mchana nilikuwa nimejilaza chumbani nikijifanya nina homa, nikamsikia Bi Zuhura, upande wa pili wa ukuta, amemletea Ambakisye chai.

"Baba Tumpe, kwani ukisema ni mafuta utakufa? Watu wote wanataka mafuta."

"Bi Zuhura, presha imepotea na sijui imepotelea wapi. Kama ni valvu ya juu, imetoka gesi, ningejua la kufanya. Kama ni ya chini, yametoka mafuta, hiyo ni habari nyingine. Na kama ni geji ndo mbovu, basi hakuna kilichotoka. Sasa nitasaini nini?"

"Na Mhehe wangu? Si yeye aliyekuja nayo?"

Nikajivuta karibu na ukuta. Kijiko kilizunguka kikombeni muda mrefu.

"Nilimuuliza. Alisema hajagusa."

"Watoto husema tu, mwanangu."

"Yuditha akisema hajagusa, hajagusa. Basi ni mimi nilifunga vibaya."

Yote niliyasikia, ila nililolishika ni jina langu tu. Mengine yote aliyoyasema yalinipita, na itabidi nirudi kwenye hilo.

Nilijaribu kumwambia. Naapa nilijaribu, ingawa kiapo changu najua kina thamani gani. Asubuhi ya Jumatatu niliketi naye barazani, chapati mbele yetu, nikasema, "Baba Tumpe, nina neno." Akanisogezea chapati kubwa. "Kama ni habari za kazi, usiogope. Nimeshaandika kwamba kosa ni la kwangu, wewe hawatakugusa." Nikala ile chapati. Niliimaliza yote. Siku nyingine nilisimama nyuma yake maabara, akiwa anasugua kioo cha dirisha kwa kitambaa, nikafungua mdomo na Mkuu akaingia. Siku ya tatu nilianza kuandika barua nikaichana, nikaandika nyingine nikaila, ndiyo, niliitafuna nikaimeza, kwa kuogopa Bi Zuhura asije akaokota vipande. Nilikonda. Wali wa Bi Zuhura niliurudisha jikoni haujaguswa. Kila siku iliyopita hapana yangu ilizidi kuwa nzito, na kila siku nilijiambia kwamba chupa imeshaharibika, sampuli imeshaharibika, kukiri kutaniangamiza mimi bila kumwokoa yeye. Hilo la mwisho nililiamini kabisa. Ndilo nililoishi nalo, ndilo lililoniwezesha kuolewa, kuzaa, na kusimama mbele ya watoto wa watu.

Ambakisye alifukuzwa mwisho wa mwezi wa tisa. Ripoti yake ilisema sampuli ilipoteza presha kwa sababu hakuifunga sawasawa, na kwamba aina ya kilichomo kisimani haiwezi kujulikana. Wakubwa wa ng'ambo hawakutaka kuchimba tena juu ya jibu la aina hiyo, kampuni ikafunga kabla ya Krismasi, na mji mzima ukapata mtu wa kumlaumu. Sokoni walimwita aliyemwaga mafuta ya nchi. Mwuza nyanya mmoja alikataa kumwuzia. Tukuyu aliacha kwenda, maana huko nako habari zilikuwa zimefika. Siku niliyoondoka alinibebea sanduku mpaka stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akaniambia, "Nenda ukasomee ualimu. Utafundisha vizuri." Nilikwenda. Nimefundisha kemia Iringa miaka yote hiyo, na nimewacharaza wanafunzi wengi kwa kubadilisha vipimo vya majaribio.

Nikainuka mkekani, nikaenda uani. Chumba chake kilinuka grisi na makaa ya mawe, kwa kuwa tangu wakati ule riziki yake ni kutengeneza majiko ya gesi na geji za mafundi wa kuchomelea. Kando ya kitanda palikuwa na meza. Dirishani zilipangwa chupa tano ndogo, karatasi zimegeuka rangi, ya tano tupu kama zamani. Yeye alikuwa kitandani ameketi, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. "Shikamoo, Baba Tumpe." "Marahaba. Yuditha. Umechelewa kumzika mama yetu." Sikuketi. Nilijua nikiketi nitaulizwa habari za watoto, nitajibu, jua litakuchwa, na nitapanda basi.

"Nilifungua ile chupa," nikasema.

Akanigeuzia uso. Huko nje wanawake walikuwa wanapanga sahani.

"Valvu ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

"Muda gani?"

"Mpaka ilipolegeza sauti. Nilikuwa naiacha ipumue. Kama ulanzi."

"Kama ulanzi," alirudia, taratibu. Akapapasa chini ya godoro akatoa daftari lenye jalada jeusi. "Mimi sioni tena. Nisomee, tangu siku niliyoifunga chupa."

Nikasoma. Presha ya kisimani, joto, presha ya Mbeya, kiasi cha gesi kwa kila pipa, uzito wa mafuta. Vidole vyake vilikuwa vinahesabu gotini. Halafu nikafika mstari uliopigiwa chini, nikausoma. *Msaidizi hakugusa valvu. Nimemwuliza mwenyewe.* Akaitikia kwa kichwa niendelee. Nilipomaliza alihesabu kidogo, midomo ikicheza, kisha akasema, "Umande. Ilikuwa chupa ya tatu. Ilikuwa gesi."

"Kwa hiyo kampuni ingefunga tu."

"Ingefunga. Watu wangelia wiki mbili, wangesahau. Mimi ningeondoka na jina langu, nikatafute kazi kwingine." Akapangusa macho yale yasiyoona. "Mama Tumpe alinifuata huku, akaniuliza mpaka siku anakufa. 'Ulifungaje ile chupa, baba?' Nikawa nashindwa kumjibu, maana nakumbuka nilifunga vizuri."

Nikamwambia kwamba kila siku nilitaka kusema, ila niliona sampuli imeshakufa, kusema kusingefaa kitu.

"Nani alikuambia imekufa?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama mwalimu anayeona kosa la darasa la kwanza. "Chupa ya gesi si tulikuwa nayo? Imetoka gesi kwa juu, unairudishia gesi yake mpaka presha ile ile, unatikisa, unasubiri itulie. Kazi ya asubuhi moja. Nilichokosa ni kujua tu kilichotoka ni nini." Kisha akasema tena, lakini si kwangu. "Asubuhi moja." Nami nikakumbuka Jumapili ile, alipomwambia Bi Zuhura kwamba kama ni gesi angejua la kufanya.

Kule nje Rehema alikuwa anatuita tukale. Ambakisye akapapasa mezani, akapata penseli, akanipa. "Sahihisha hapo." Nikakata neno *hakugusa*, nikaandika juu yake, mkono unatetemeka mpaka penseli ikachana karatasi.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikasoma. "Msaidizi alifungua valvu ya juu. Nimemwuliza mwenyewe."